Mjumbe wa Miaka Mitatu

Jumamosi moja binti yangu Riziki alikuja kwetu Tottenham na mfuko wa kubebea mtoto mgongoni, wenye vyuma, mikanda na hata kipaa cha kuzuia mvua. Aliuweka mezani, kati ya bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, akatangaza kwamba yeye na mumewe Marcus watampeleka mtoto wao kwenye milima ya Wales, watembee siku kadhaa na kulala hemani. Mtoto huyo, Kito, ana miaka minne. Mke wangu aliutazama ule mfuko, akauliza kama huko Wales kuna vita.

Hakuwa anatania. Kule tulikotoka, Itombwe, mashariki ya Kongo, hakuna mtu anayepanda mlima siku kadhaa na mtoto mdogo ila awe na kinachomfukuza.

"Papa," Riziki akaniambia, "huyu akitembea stop mbili tu za basi anataka kubebwa. Mimi kule milimani uliniwezaje?"

Nilimwambia si mimi niliyemweza. Aliyemweza ni koko wake, bibi yake mzaa mama. Riziki alijua kwamba koko alipotelea vitani, basi. Hakuwahi kuniuliza zaidi, na mimi nilishukuru kutoulizwa. Siku hiyo nilisimulia yote, kwa Kiingereza changu cha sokoni, ili Marcus naye asikie. Hapa nayaandika kwa Kiswahili.

Siku ya mwisho ya amani ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Nilikuwa nimeketi na cherehani yangu chini ya upenu, nashona sare ya shule. Mke wangu alikuwa ameteremka Baraka, kando ya ziwa, kuuza maharage na kutafuta chumvi. Mama yake alikuja kututunzia Riziki, ambaye hata miaka minne alikuwa hajatimiza. Mchana mama mkwe alikaa nyuma ya nyumba, na jioni alikwenda kulala kwa jirani, maana mkwe hulali naye chini ya paa moja.

Lazima nieleze. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Humpi mkono, huli naye, wala humtazami akila. Mkikutana njiani, wewe mwanamume unaingia majanini mpaka apite. Na hamsemezani ana kwa ana. Neno hupita kwa mtu wa tatu. Wageni hudhani ni chuki, kumbe ni heshima, tena kubwa. Mtu aliyekuzalia mke unamwachia nafasi.

Basi mtu wetu wa tatu siku ile alikuwa Riziki. Alizunguka nyumba mbio: "Papa, koko anasema kuni zimeisha." Nikamjibu: "Ambia koko nitapasua jioni." Akarudi mbio, kitumbo mbele, akijiona mkubwa wa kijiji.

Kabla ya jioni tulisikia bunduki upande wa barabara.

Waliokimbia kutoka chini walisema barabara ya Baraka imefungwa, na kwamba wanaume wanakamatwa wabebeshwe mizigo, na wakichoka wanapigwa risasi. Mke wangu alikuwa upande wa pili. Nilisimama uani nimeshika mkasi, sijui nianzie wapi. Riziki akanijia. "Koko anasema tunamfuata mama kwa mgongo wa mlima. Anasema uache cherehani."

Nikaiacha. Nilibeba sufuria, blanketi na viazi vilivyochemshwa. Mama mkwe alitangulia, mimi nikabaki nyuma sana, kwa adabu, na mtoto akawa katikati.

Asubuhi yake, baada ya kulala majanini, kwenye mwinuko wa kwanza Riziki alikaa kwenye matope, akalia kwamba miguu imekufa. Nilimweka mgongoni juu ya mizigo, nikateleza, tukaanguka wote wawili na sufuria ikabingirika bondeni. Wakati naifuata nilijua ukweli: nikimbeba hivi, hatufiki. Na tusipofika upande wa ziwa, mtoto huyu atakufa kwa baridi mikononi mwangu.

Mama mkwe hakugeuka. Alisimama kule juu, akamwita mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliye uani kwake. Riziki akaacha kulia, akapanda. Baada ya kitambo akateremka kwangu akihema. "Papa, koko anasema jua limetoka."

Jua nililiona. Hata hivyo nikajibu: "Ambia koko nimeliona."

Akapanda tena. Akashuka tena. Koko anasema kuna nyani mwekundu. Koko anasema jiwe hili linateleza. Koko anasema unatembea kama bibi harusi. Hapo nilicheka, mara ya kwanza tangu tuondoke, nikatuma jibu kwamba bibi harusi amebeba sufuria. Kutoka juu nikasikia kicheko cha mama mkwe. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukisikia karibu hivyo.

Mtoto yule aliupanda mlima mara mbili, pengine mara tatu, wala hakujua. Alidhani anafanya kazi. Nami ilinichukua muda kuelewa kwamba mwanamke yule alikuwa anatunga habari, moja baada ya nyingine, na kila habari ilikuwa hatua kadhaa za mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa na goti bovu. Kwenye msitu wa mianzi, ukungu ulipotulowanisha, alivua kitenge chake cha juu akamfunga mjukuu. Kisha akanitumia habari kwamba anasikia joto. Nilimpenda sana siku ile, mwanamke ambaye sikuruhusiwa kumtazama.

Alimfunza jambo moja zaidi. Mjumbe, alimwambia, hasemi lake. Husema alilotumwa, na kama hakutumwa hunyamaza. Riziki alilishika somo hilo kwa ukali wa watoto. Ukimuuliza kama ana njaa, alikwenda kwanza kuuliza koko anasema nini.

Tulipokaribia kuanza kuteremka upande wa ziwa, ilikuwa adhuhuri. Mama mkwe aliketi kando ya njia ale kiazi na mjukuu wake. Mimi nikaingia kwenye mianzi, nikawapa mgongo, maana mkwe hatazamwi akila.

Ndiyo maana niko hai.

Walitokea chini, watu wenye bunduki na magunia. Wa upande gani, hatukujua.

"Wanaume wenu wako wapi?"

Mama mkwe alisema ni mjane, yuko peke yake. Mmoja akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Papa yako iko wapi?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kiazi kikitafunwa.

Riziki hakujibu. Alimgeukia bibi yake, akangoja.

"Mwambie," mama mkwe akasema taratibu, "papa yako iko Kigoma, anashona nguo za watu."

"Papa iko Kigoma, anashona nguo za watu," mtoto akasema, neno kwa neno.

Yule mtu akacheka. Mwenzake akaangusha gunia miguuni mwa mama mkwe.

"Simama, mama. Beba. Na mutoto wako atembee."

"Si wangu," alisema. "Ni wa jirani, niliachiwa tu. Atawachelewesha."

Riziki akaanza kulia.

Nilikuwa nimekwisha inua goti.

Ndipo mama mkwe akasema kwa Kibembe, lugha yetu, akiwa ameinama chini ya gunia kama mtu anayesali. Hakumwambia mtoto. Aliniambia mimi, bila mtu wa katikati.

"Mwanangu, kaa chini. Wakiondoka, mbebe mtoto."

Wakamuuliza anasema nini. Akawajibu kwamba anamwomba Mungu mzigo uwe mwepesi.

Nikakaa chini.

Walipotoweka nilitoka, nikamkuta Riziki amesimama palepale, kiazi mkononi. Nilimfunga mgongoni kwa kile kitenge. Sasa njia ilikuwa ya kuteremka. Kila kona aliniuliza: "Koko anasema nini?" Na mimi, ambaye sikuwa na kipaji kile, nikaanza kutunga. Koko anasema tazama ziwa. Koko anasema usilie. Koko anasema mama yako anapika. Nilitunga mpaka Baraka, na wakati mwingine nilimteremsha atembee, akatembea.

Mke wangu alitupokea, akatazama nyuma yetu.

Tulivuka kwenda Kigoma, tukaishi kambini miaka mingi kabla ya kuletwa London. Kila kundi jipya lililofika kambini niliwauliza habari za mwanamke mwenye goti bovu. Husemwa kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Niliushikilia msemo huo muda mrefu, kisha nikauacha. Hatuna kaburi lake. Watu wa kanisani huniambia alitoa maisha yake na maisha mawili yakapona, kama vile ni hesabu iliyotoka sawasawa. Haikutoka sawasawa. Alikuwa mtu mmoja kamili, mcheshi, na hakuna aliyejaza pengo lake.

Nilipomaliza, tulikuwa wanne mezani. Mke wangu alikuwa amekwenda jikoni. Marcus ni kijana mwema wa Thornton Heath, wazazi wake walitoka Jamaika. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alimkumbatia mama mkwe wake kwa furaha, na mke wangu akakimbilia jikoni, akabaki huko mpaka wali ukapoa. Tangu hapo hamsemezi ana kwa ana; siku hizi humwambia Kito, "Mwambie baba yako chakula tayari," wala hamtazami. Marcus aliishi miaka yote akiamini kwamba anachukiwa.

Siku hiyo alivuta sahani, akala kidogo. Kisha, akitazama sahani yake, alimwambia Kito kwa Kiingereza amwambie koko wake kwamba chakula ni kitamu na anamshukuru. Kito akakimbia jikoni. Akarudi.

"Koko says, ongeza."

Marcus akaongeza, na sikumwona akinyanyua macho.

Asubuhi ya safari yao niliwasindikiza mpaka kituo cha basi. Nilimwelekeza Riziki jinsi ya kufanya: yeye atangulie, Marcus abaki nyuma, na ule mfuko wa vyuma wautilie nguo. Habari watunge. Kisha nikamwinamia Kito, nikampa ujumbe wa kwangu. Akifika juu kabisa, amwambie koko wa mama yake: nilikaa chini, na mtoto nilimbeba.

Aliyarudia maneno kwa Kiswahili bila kukosea. Basi lilipokuwa linakuja akaniuliza, kwa Kiingereza, kama asubiri jibu.

"Hapana," nikamwambia. "Hilo ndilo jibu."