Shimo la Mtu Mmoja

Niliomba kusoma sheria, nikapangiwa akiolojia, na kwa ukaidi tu nikaendelea nayo hadi shahada ya uzamili. Kaka yangu, anayechimba dhahabu Makongolosi, mpaka leo ananiuliza shimo lisilo na dhahabu lina faida gani.

Wiki ya tatu ya utafiti wangu, nje kidogo ya mji wa Iringa, wenzangu walisharudi chuoni. Shimo langu lilikuwa la mita mbili kwa moja. Nilikuwa nimepiga magoti ndani yake, nakwangua udongo taratibu kwa mwiko wa fundi, nikitafuta vigae vya vyungu.

Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani akasimama ukingoni, akavua kofia.

"Pole na msiba, mwanangu. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki, nasoma habari za watu walioishi hapo zamani sana. Sijui kama aliniamini. Alitazama huku na huku, hakuona mtu.

"Sasa wamekuachaje uchimbe peke yako?"

Kabla sijajibu, alishashuka na jembe lake. Alipiga mara tatu tu, na kazi yangu ya siku nne ikaharibika. Mimi humfokea hata anayegusa kamba ya vipimo. Siku hiyo nilisogea, nikampisha.

Jioni ilinibidi nieleze uharibifu ule kwenye daftari la utafiti. Nikaandika: leo tulikuwa wawili.