Uboho wa Mwanapili

Mwanapili wa Mwabungo, msuka makuti, hakuwa mtu wa maneno mengi. Mdogo wake Matano alipougua saratani ya damu, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na moja, ni yeye aliyefunga safari naye hadi India, akadungwa sindano nyongani, akatolewa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, wa kumtia nduguye. Wakarudi salama, mji mzima ukashangilia.

Haikupita miezi mitatu, ngozi ya Matano ikaanza kubabuka, viganjani kwanza, kisha mwili mzima. Macho yakawa manjano, tumbo halishiki kitu. Daktari wa Mombasa akawaeleza kwa upole, "Kinga iliyomo katika uboho wa dada inauona mwili wa kaka kuwa kitu kigeni, inaupiga vita. Dawa hizi zinaituliza, lakini zinamwacha hana ulinzi. Maji yachemsheni, na asiguswe na mate ya mtu."

Basi shangazi yao, Mbeyu, akashika neno moja tu, vita. "Si nilisema! Mwanapili alitoa na kinyongo. Lile shamba bado liko moyoni." Maana Matano aliwahi kuuza shamba la mikorosho la marehemu mama yao kwa mwenye hoteli, Mwanapili akaja kuambiwa na majirani. Na dawa ya hayo wote waliijua: mwenye kinyongo hutia maji kinywani, akamtemea mgonjwa kifuani, akatamka kwamba ameachilia.

Mwanapili akakataa katakata. "Mate yangu yatamuua, shangazi!"

Loo, alisemwa! Watu wana midomo, jamani. Kisimani, matangani, hata na wasuka makuti wenziwe, eti anamla nduguye. Na Matano mwenyewe, kinywa kimejaa vidonda, akawa anamwomba, "Nitemee, dada. Hata kidogo." Mwanapili alikuwa akitoka nje kulia, kwa sababu kinyongo alikuwa nacho kweli, na nduguye alimpenda vile vile.

Mwezi wa sita tangu warudi, daktari akasema dawa zimeshindwa, wakae naye nyumbani. Mwanapili akaona sasa hakuna tena cha kumdhuru. Akaomba maji, akayatia kinywani, akamtemea kifuani taratibu.

"Nimekuachilia, Matano. Shamba na yote. Pona, mdogo wangu."

"Kumbe kweli kinyongo ulikuwa nacho," Matano akasema.

Akageukia ukutani. Aliishi siku mbili zaidi, na hakumwita dada tena.