Aliyeshika Kichwa

Msusi wa mtaa wetu, ambaye wote tunamwita Kitana, alipojiunga na kikosi cha kujitolea cha uokoaji, mtaa ulipata kicheko cha mwezi mzima. Mwanamke wa makamo, mama wa watoto watatu, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachomfika magotini na kofia ngumu inayomziba macho, anakwenda kila Jumamosi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kituo cha zimamoto kujifunza kufunga mifupa ya watu wasiomhusu. Halipwi. Nauli anajilipia. Walioshindwa kulielewa jambo hilo walikuwa wengi, na wengi wao ni walewale ambao ajali ikitokea huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kusaidia.

"Wifi, kama shida yako ni kushikashika waume za watu, si ungesema tu?" alimtania dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki.

"Nikikukuta umeanguka barabarani nitakuruka," Kitana alimjibu. "Nitakuruka mara mbili, kwenda na kurudi."

Kikosi kinaongozwa na muuguzi mstaafu wanayemwita Sista. Ukumbini kwake hakuna vifaa vya kujivunia. Kuna machela mbili, ubao mmoja wa kumlazia mtu aliyeumia mgongo, kamba, kola ngumu za kukaza shingo iliyoumia, na gunia la mchanga lililoshonewa mpira wa miguu mahali pa kichwa. Gunia hilo ndilo majeruhi wa kila Jumamosi. Limeokolewa kutoka chini ya meza, juu ya dari na ndani ya mtaro, na mpaka leo halijasema asante.

Sista ana sheria nyingi, lakini moja anairudia mpaka wanafunzi wanaiota. Majeruhi wa shingo au mgongo hashikwi ovyo. Mmoja anashika kichwa, na tangu hapo huyo ndiye mkubwa wa wote. Maneno "inua", "geuza" na "vuta" hutoka kinywani mwake peke yake. Awe amejiunga jana, awe anafagia ukumbi, akishika kichwa wengine wote ni mikono tu.

"Hata wewe ukiwepo, Sista?" Kitana aliuliza siku ya kwanza.

"Hata mimi. Yeye ndiye anayeisikia shingo kwa vidole vyake. Mimi nitaisikia kwa nini, kwa cheo?"

Miezi ya mwanzo Kitana hakushika kichwa cha mtu. Alitumwa kuwazuia watazamaji, kubeba maji, kumshikia tochi mwenzake. Aliporudi nyumbani usoni kuna masizi ya moto wa watu wengine, mumewe, dereva wa lori ambaye huwa nyumbani siku chache tu, alimuuliza kama haoni aibu kuchoka bure. Kitana akamwambia kwamba yeye pia huchoka bure kila anapobishana naye, na hajawahi kuacha.

Chumba chake cha kusukia kilikuwa kwenye safu ya maduka ya mwenye nyumba mmoja tajiri. Nyuma ya safu hiyo mwenye nyumba alikuwa anajenga ghorofa. Uwanjani palichimbwa shimo la tangi la maji, kina chake mara mbili ya urefu wa mtu, na pembeni hapakuwekwa ubao, kamba wala hata tawi la kumwonya mtu. Mafundi walimwambia. Alisema atalifunika wiki ijayo, na wiki ijayo yake ilikuwa haifiki.

Mchana mmoja wifi alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Kitana kama ilivyo desturi ya wasusi, upande wa kushoto umesukwa na wa kulia umesimama wima kama umeona nyoka. Ikasikika sauti ya kitu kizito, kisha ukelele. Fundi mwashi alikuwa anarudi kinyumenyume na ndoo ya zege, akaingia shimoni.

Kitana alichukua kizibao msumarini akakimbia, simu ikiwa sikioni kumwita Sista. Alipofika, vibarua wawili walikuwa tayari wanataka kuruka wamnyanyue mwenzao.

"Asishuke mtu!" alisema. "Fundi, unanisikia? Usitikise kichwa. Nijibu kwa mdomo tu."

"Nakusikia, dada," sauti ilitoka chini. "Miguu yangu ipo?"

"Ipo yote miwili. Naiona hapa."

"Mbona mimi siisikii?"

Kitana alimwambia atazame juu, amhesabie mawingu.

Gari la kikosi lilifika na watu wawili tu, Sista na dereva wake, kwa sababu wengine walikuwa kwenye ajali ya basi upande wa pili wa mji. Magoti ya Sista hayawezi tena ngazi. Alimtazama Kitana, akampa kola ya shingo.

"Kichwa ni chako," alisema.

Walishuka Kitana na dereva. Kitana alipiga magoti juu ya kokoto, akakishika kichwa cha fundi kwa viganja viwili, vidole vikiwa chini ya taya. Alikuwa ameshika vichwa maisha yake yote, lakini hiki kilikuwa na uzito mwingine. Chini yake palikuwa na miguu ambayo kesho ingetembea au isingetembea.

"Dada, wasinivute kama ndoo," fundi alinong'ona.

"Hakuna atakayekuvuta mpaka mimi niseme. Umesikia? Mimi."

Walimvalisha kola, wakamgeuza kwa neno la Kitana, wakamlaza kwenye ubao ulioteremshwa kwa kamba mbili, moja kichwani na moja miguuni, kila moja na kulabu yake. Dereva alianza kufunga mikanda kuanzia miguuni. Huko juu kamba zilishikwa na vibarua, maana kikosi hakikuwa na watu wa kutosha. Sista aliwaeleza sheria, wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo mwenye nyumba alipofika, shati limepigwa pasi, funguo za gari mkononi. Hakuuliza fundi ana hali gani. Aliuliza kama kuna mtu kampigia simu mkaguzi wa majengo.

"Mtoeni haraka, nimpeleke mimi mwenyewe," alisema. "Mnangoja nini? Vuta!"

Vibarua wale walikuwa wamezoea kupandisha ndoo za zege kwa sauti hiyohiyo kila siku. Mikono ilitii kabla ya akili. Kamba ya miguuni ikapanda, ubao ukainama, na fundi, ambaye kifuani hakuwa amefungwa bado, akaanza kuteleza upande wa kichwa. Alipiga kelele ambayo waliokuwepo hawataisahau.

Kitana hakukiachia kichwa. Alikibana kwa magoti yote mawili, vilevile anavyowabana wateja wake mkekani, mabega ya fundi yakaegemea mapaja yake yakakwama.

"Shusha!" alipiga ukelele. "Shusha, nimesema! Polepole!"

Wakashusha. Hapo mkono mmoja ukiwa huru, alifungua kulabu ya kamba ya kichwani akaitupa ukutani. "Fungua na hiyo yako," alimwambia dereva. Dereva akaifungua. Kamba mbili zikabaki zinaning'inia tupu.

"Haya!" Kitana alisema akiwa ametazama juu. "Sasa vuteni hewa."

Mwenye nyumba aliinama ukingoni, uso umemwiva. "Wewe msusi! Hicho chumba unachofanyia kazi unajua ni cha nani?"

"Najua."

"Basi funga kamba hizo, mtu atolewe!"

"Chumba ni chako. Kichwa hiki nimekishika mimi. Mikanda ikiisha nitasema, na nisiposema hapandi mtu."

"Sista, mwambie mtu wako!"

"Siwezi," Sista alijibu. "Pale alipo, mimi ndiye mtu wake."

Mwenye nyumba aliwageukia vibarua awaambie washuke wenyewe. Akakutana na wifi, aliyekuja mbio bila kitambaa, nusu ya kichwa chake mistari na nusu kichaka. Watu walikuwa wanamcheka, simu juu.

"Mnanipiga picha mimi?" wifi alifoka. "Hamjaona nusu kichwa? Weka simu mfukoni, shika kamba! Na wewe baba, usogee hapo ukingoni usije ukaanguka ukatuongezea kazi. Na wewe ni mzito."

Yeye mwenyewe alishika kamba ya miguuni, mbele ya vibarua wote. Mikanda ilifungwa kifuani, kiunoni, kwenye paji la uso. Kitana alikagua kila mmoja kwa dereva kuutaja, akaamuru kulabu zirudishwe. Kisha akamwinamia fundi.

"Sasa nasema. Uko tayari?"

"Sema, dada."

"Vuta."

Ubao ulipanda umelala sawa, kama sinia ya chai.

Aliporudi jioni kutoka hospitali, vumbi mpaka kwenye kope, mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli ambalo si lake. Ndani mlikuwa na vitana, nyuzi, kikausha nywele, viti na mkeka. Nje, juu ya kizingiti, alikaa wifi na nusu kichwa chake.

"Mwenye nyumba amekuja kulifunga mwenyewe," wifi alisema. "Nimemtukana mpaka matusi yameniishia, nikaanza kuyarudia."

Mwenye nyumba alitokea si muda mrefu, safari hii na sauti ya upole. Mkaguzi alikuwa amefika uwanjani, atarudi kesho kuuliza maswali. Kitana ndiye aliyekuwa karibu na mdomo wa fundi kuliko mtu yeyote.

"Wewe ni mama mwenye akili," alisema. "Vijana hawa wanakunywa. Ukimwambia mkaguzi kwamba ulisikia harufu ya pombe, hutakuwa umemwumiza mtu. Hospitali nitamlipia. Ufunguo huu hapa."

Aliuweka ufunguo kiganjani, akaunyoosha mkono.

Naandika haya nikijua kwamba wapo watakaosema angeupokea tu. Ana watoto, mume yuko njiani siku zote, chumba kama kile hapati tena mjini. Hoja hizo nazijua, na ni hoja za watu ambao wangependa kila mmoja auze kidogo ili wao wasionekane wameuza sana.

"Nilisikia harufu ya saruji," Kitana alisema. "Na ya damu. Na ya shimo lisilofunikwa. Hizo tatu nitamtajia, na nitamwonyesha na mahali ubao wa kuonya watu ulipotakiwa kuwekwa."

"Basi mali yako utaitoa mwezi ujao, nikipata nafasi."

"Ipate ukipata. Mikono yangu hukuifungia humo ndani."

Alimwambia mkaguzi hayo hayo, mbele ya mafundi waliokuwa wameinamisha macho. Mmoja wao akainua uso akasema kwamba ni kweli. Kisha wa pili. Ujenzi ulisimamishwa. Fundi bado yumo wodini. Vidole vya mguu mmoja vimeanza kutikisika, vya mwingine bado, na madaktari hawaahidi kitu. Wanachosema ni kwamba shingo ingekunjwa siku ile, wasingekuwa na kidole cha kungojea.

Kufuli halikutoka. Asubuhi iliyofuata siku ya mkaguzi, Kitana aliazima kitana na uzi kwa jirani, akaweka kigoda mbele ya mlango uleule uliofungwa, barabarani ambako kila mtu anapita, akamkalisha wifi chini kwenye gazeti. Kizibao cha chungwa alikitundika kwenye kufuli la mwenye nyumba. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama wanangoja zamu, mmoja kaja na kiti chake.

Gari la mwenye nyumba lilipunguza mwendo. Kioo kikashuka.

"Ufunguo unajua ulipo," alisema.

"Na mimi unajua nilipo," Kitana alijibu bila kuinua macho.

Wifi alitaka kugeuka, mdomo umeshafunguka. Magoti yakambana.

"Tulia, wifi. Bado mistari minne."