Jasho la Kivumbasi

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mke mpya, sijazoea hata ngazi za nyumba ya wakwe zangu pale Mkunazini, mama mkwe alipoamua kukikamua kivumbasi nguvu zake zote.

Sababu ilikuwa kikohozi cha baba mkwe. Kila asubuhi alichemshiwa majani yale, na kila asubuhi akayamwaga dirishani.

"Basi," akasema mama mkwe, "nitampa kijiko kimoja tu, lakini kijiko chenye shamba zima ndani yake."

Akanunua mafungu ya kivumbasi Darajani, akayashindilia katika sufuria ya shaba pamoja na maji, akaziba kifuniko kwa unga uliokandwa. Kutoka kwenye kifuniko bomba la shaba lilipita ndani ya beseni la maji baridi. Mimi nilichochea moto. Mvuke ukapoa bombani, ukaanza kudondoka chupani.

"Hilo ndilo jasho lake," akaniambia. "Nguvu zote zimo humo."

Jirani wa mkabala aliliona bomba, akaelewa alivyoelewa. Baada ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa mzee wa msikitini na wenzake wawili wa barazani. Sisi wanawake tukarudi nyuma ya pazia.

"Tumesikia humu ndani kunapikwa gongo," akasema mzee.

Baba mkwe alicheka hadi akakohoa. "Gongo! Hiyo dawa yangu!"

"Kama dawa, inywe tukuone."

Kicheko kikamkatika. Pale pale mkono wa mama mkwe ukatokeza kwenye pazia na kijiko kilichojaa pomoni, tena cha kupakulia.

Akanywa. Machozi yakambubujika, akayumba, akashika ukuta. Akataka kusema, sauti haikutoka.

"Mnaona? Kalewa!" akasema mmoja wao.

Mama mkwe akaisukuma chupa chini ya pazia; baba mkwe akamnyooshea mzee kidole, kisha akainyooshea chupa. Mzee akapiga bismillahi, akaonja. Akakaa kitako juu ya ngazi, kofia imemwendea upande.

"Hii si gongo," akasema alipopata pumzi. "Gongo ingekuwa hivi, hakuna Mwislamu angehitaji kukatazwa."

Nilijiziba mdomo kwa kanga. Mke mpya hawacheki wakwe.

Tangu siku ile baba mkwe hakukohoa tena mbele ya mkewe, naye mama mkwe akautangazia mtaa kuwa mumewe kapona. Mimi niliyefagia ngazi nilimsikia kila asubuhi akikimbilia barazani, akakohoa akamaliza, kisha akapanda taratibu.

"Kifua hakijambo?" mama mkwe humuuliza.

"Hakijambo kabisa, alhamdulillahi."