Waya wa Baharini na Macho ya Mama

Trrr, trrr, halafu kimya. Ni mlio wa kompyuta ikimtafuta kaka yangu ng'ambo. Nikiukumbuka nakasirika upya, mimi ambaye kwetu Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi, wananijua kwa kucheka ovyo.

Kaka ni kiziwi. Alipohamishiwa Amerika, simu haikutusaidia kitu, maana nyumbani tulizungumza naye kwa mikono, kwa ishara zetu wenyewe. Ikabidi twende mjini Mbarara, kwenye chumba cha intaneti, tumwone kwenye kioo cha kompyuta.

Mwaka ule macho ya mama yalikuwa yanazimika. Siku moja daktari alisema atampasua kesho yake, ila hakuahidi kitu. Mama akaomba jambo moja tu, amwone mwanawe kwanza. Akavaa kitenge chake cha kwaya, tukaenda.

Mwenye chumba, akimwita mama kwa heshima, akatuambia mtandao umelala. "Waya ya chini ya bahari imekatika, nyabo. Tungoje meli yao itengeneze."

Mama akauliza waya ni ya nani. Akajibiwa ni ya makampuni makubwa ya mbali, yameungana.

"Bahari si ya Mungu?" mama akasema. "Nani aliwauzia?"

Watu wakacheka. Mimi, kwa mara ya kwanza, sikucheka. Ng'ambo ya barabara, benki ilikuwa inafanya kazi, kompyuta zote zinawaka. Nikauliza vipi wao. Mwenye chumba akasema benki imelipia njia ya pili, inapita waya nyingine. Sisi wadogo tunangoja.

Nikavuka barabara kuomba dakika moja tu. Askari wa mlangoni akasema hapa si fasi ya kupigia ndugu. Niliporudi nilimkuta mama anakiinulia mikono kioo cheusi, anamwambia kaka ale, asiache kusali, asimsahau mama yake.

Upasuaji haukuyarudisha macho. Ugonjwa siulaumu. Nawalaumu waliokaa mbali huko wakapanga nani apite na nani angoje, na hawakujua hata kwamba tupo. Nilikuwa naota kusomea kompyuta. Naota bado, ila kwa hasira.

Mtandao uliporudi nilikwenda peke yangu. Kaka alikuwa amefuga ndevu ambazo mama hakuwahi kuziona. Tulipomaliza, nikamwonyesha kwa mkono atulie hivyo hivyo. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikazifuata ndevu polepole kutoka shavu hadi shavu, nijue nitazichora vipi kwenye kiganja cha mama.