Moto Tuliouwasha Penye Uyoga

Nilisema, "Chomeni." Ningeweza kulizuia neno hilo, maana nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu kwetu Ijara, na vijana wa ng'ombe walikuwa wamenijia kwa heshima kutaka ruhusa.

Kiangazi kilikuwa kibaya. Malisho ya nje yalikwisha, na majani yaliyobaki yalikuwa pembezoni mwa msitu wa Boni, kwenye mbung'o. Dawa yetu ya mbung'o ni kuchoma vichaka, inzi wakimbie, na mvua ikija nyasi changa ziote. Ujanani nilichoma mara nyingi. Safari hii nilijua kulikuwa na nini ndani.

Mvua iliyotangulia, mtaalamu mmoja, mama wa makamo kutoka Nairobi, alikuja kutafuta uyoga. Aliyetuongoza ni rafiki yangu, mrina asali wa jamii ya Waboni, jirani yangu tangu utotoni. Tuliukuta juu ya magogo yaliyolala kivulini, wa manjano iliyopauka, umekunjamana kama sikio la mbuzi. Mama yule alipiga magoti akainamia gogo hadi nikadhani anaumwa. Kisha akatueleza kwamba uyoga huo umeonekana mahali pachache mno, na wenzake bado hawajui wauweke daraja gani: la viumbe walio salama, au la wanaokaribia kutoweka. Ilibidi auone tena mvua nyingine.

"Magogo haya msiyaguse," alituomba. "Yakiondoka, na wenyewe umekwenda."

Niliwaeleza vijana haya yote. Sisi wafugaji hatuli uyoga, wakacheka.

"Adeer, ami yangu, ng'ombe wafe kwa ajili ya chakula cha fisi?" mmoja aliniuliza. "Au siku hizi nawe umekuwa mtu wa asali?"

Niliogopa kuchekwa. Niliogopa pia ng'ombe kufa, na wangu walikuwemo. Nikawaambia wachome upande wa nje tu, kana kwamba moto husikiliza mwenyekiti.

Alasiri upepo uligeuka. Moto uliingia msituni ukinguruma, na sisi tukaogopa moshi kuliko moto wenyewe. Askari wa doria wangedhani ni kambi ya wenye bunduki waliojificha msituni kupigana na serikali, na wenye bunduki wangedhani ni askari. Tulikimbia, hakuna aliyebaki kuuzima.

Mvua iliponyesha nilikwenda na rafiki yangu kuangalia. Magogo yalikuwa majivu. Tawi likavunjika nyuma yetu, nikajitupa chini kifudifudi.

"Inuka, mzee, ni nyani," alisema. "Hana haja na ndevu zako."

Alitania, lakini kwa sauti ya chini sana, na macho yake hayakutoka kwenye miti. Alichokoa majivu kwa kijiti, akahamia gogo jingine, akachokoa tena. Hapakuwa na kitu.

Haukupita muda mtaalamu akapiga simu kwamba yuko njiani. Nilimwambia rafiki yangu kuwa sina uso wa kumpokea. Alifikiri, akasema ng'ambo ya bwawa, ndani kabisa, kuna magogo mengine makubwa. Baba yake alikuwa akirina huko. Hakuna aliyepita njia ile tangu mabomu yaanze kutegwa ardhini.

"Twende," alisema.

"Goti linaniuma."

"Goti lako lina akili. Linajua siku ya kuuma."

Hakukasirika. Alichukua shoka na chupa ya maji, akaingia peke yake akipiga mluzi wa kumwita ndege wa asali, yule anayewaongoza warina kwenye mizinga. Nilibaki ukingoni nikiusikiliza mluzi ukififia, mpaka nikawa sijui kama nausikia au naukumbuka. Sikusikia mlipuko wala risasi. Jua lilipoanza kushuka niliita jina lake mara moja, kwa sauti ndogo, nikaogopa ni nani mwingine atakayeitika. Nikarudi nyumbani.

Hakurudi. Askari walitafuta hadi bwawani, wakasema mbele ya hapo hawawezi kupeleka mtu.

Mkewe aliniuliza, "Alikwenda kutafuta nini?"

"Uyoga."

"Sisi uyoga tunauokota hapa nyuma ya nyumba. Huo alikwenda kumtafutia nani?"



Mtaalamu alifika, akaruhusiwa kutembea ukingoni tu. Aliokota kipande cha mkaa, akakitazama, akakirudisha. Alisema watauweka uyoga ule katika daraja la walio hatarini kabisa, na hana hakika kama hata hapo hawajachelewa. Hakunilaumu, kwa kuwa sikumwambia nani alitoa ruhusa.

Moto ule ulituokolea ng'ombe wachache. Uliteketeza mahali pekee kwetu palipojulikana kuwa na uyoga ule, na kwa kuwa pa karibu palikuwa pameungua, rafiki yangu alikwenda mbali, akafia huko, wala sijui kaburi lake ni wapi.