Mutoto Asiyewekwa Chini

Mimi niko mutu wa kujitengeneza mwenyewe, na Bunia nzima inajua hivyo. Nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi, basi. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia ya muhogo kutoka Irumu, nikafika kuwa na duka la mabati sokoni na nyumba ya matofali ya kuchoma. Wenye diploma walikuja kwangu kuomba kazi. Sasa mutu wa namna hiyo, aje munganga wa hospitali, kijana wa juzi, amuzomee muke wake mbele ya watu!

Nieleze vizuri. Binti yetu alizaliwa kwa miezi saba, wakati wa vita, siku ile mutaa wetu ulikimbia. Alikuwa mudogo kama njiwa aliyenyonyolewa. Hospitali haikuwa na umeme wa kupasha moto watoto wa namna hiyo. Munganga mumoja, mama muzee, alimufunga kifuani mwa muke wangu, ngozi kwa ngozi, akakaza kikwembe, nguo yake ya kujifunga, akasema: "Mama, huyu usimuweke chini. Weye ndiye moto yake. Na kila mwezi umulete tumuangalie."

Muke wangu alishika neno hilo kama amri ya Mungu, na mutoto akaishi. Lakini ile "kila mwezi" ilikufa. Njia ya hospitali ilikatwa: huku wale, kule wengine, katikati vijana na bunduki, wanakuuliza kabila kabla ya kukuuliza jina. Nani atapitisha mutoto hapo, eti anaenda kupimwa? Tukakaa. Mutoto alitoka kifuani akahamia mugongoni, na mugongoni akabaki. Muke wangu alipika naye, alifua naye, alilala amemufunga. "Wakianza kupiga, nisitafute mutoto," alisema. "Niko naye tayari."

Vita ilipopoa kidogo tukaenda, mutoto yuko na mwaka mumoja na nusu. Munganga muzee hakuwapo tena, tukamukuta huyo kijana. Akahesabu umri, akatoa ile miezi miwili aliyokosa tumboni, akamuweka binti yangu kwenye mukeka. Mutoto aliangalia ule mukeka kama mutu aliyetupwa mutoni. Miguu ikakunjika, akaanguka kando, akalia.

"Hata kukaa hajui? Wenzake wanatembea! Mama, mutoto huyu ni weye unamulemaza. Utamubeba mupaka lini? Mupaka harusi yake?"

Wamama waliongoja wakacheka. Muke wangu akainama. Damu ikanipanda.

"Weye kijana! Bati zilizo juu ya kichwa chako, nani alizileta? Mimi! Na huyu mama unayemuzomea, ni wenzako walimuambia asimuweke chini. Nani alikuja kumuambia: sasa umuweke?"

"Papa, ile ilikuwa neno la wiki za kwanza."

"Tungejua namna gani? Mulitutumia ndege alete barua?"

Akainama juu ya mukeka. Akashika miguu ya mutoto, akaikunja, akainyoosha, akagonga magoti. "Haijakufa," akasema. "Inakosa kazi tu. Kila siku muweke chini, ajisukume mwenyewe. Mukichelewa tena, sijui kama atatembea."

Nyumbani ikaanza vita ya pili, ya bwana na muke. Nilitandika mukeka, yeye alikaa kando, kikwembe mukononi. Risasi moja tu upande wa uwanja wa ndege, na mutoto amekwisha kufungwa mugongoni mupaka kesho.

"Unataka alemae?"

"Na weye unataka afe? Miguu mizuri ndani ya kaburi, faida gani? Baba, tukikimbia, ni mimi ninakimbia na mutoto. Weye unakimbia na redio."

Nikachukua kikwembe mukononi mwake. "Nifunge," nikamuambia. "Mufunge kwangu."

Akanifunga. Nikazunguka nyumba mbio, mimi na tumbo langu, majirani wamejaa kwenye uzio: "Ee, Papa wa mabati amezaa!" Nikawatukana wote. Muke wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia fundo. Halikulegea. Akatufungua, akaweka kikwembe begani pangu, akaweka mutoto kwenye mukeka, akaondoka kupika sombe.

Tangu hapo kazi ikawa yangu. Mutoto anafika kusimama kwa magoti, wale washenzi wa bunduki wanapiga, ninamufunga, tunakimbia. Tunarudi, ninamuweka chini, anaanza tena. Nilichukia kila bunduki ya jimbo letu la Ituri, siyo kwa mambo ya siasa, kwa sababu ya magoti ya binti yangu.

Halafu siku moja muchana walianza kupiga tena. Nikamunyakua. Akakataa! Akajikaza kama ubao, anataka mukeka wake. Nikamufunga kwa nguvu, nikatoka mbio, na njia nzima alikuwa ananipiga mateke kwenye mbavu. Nyuma yangu muke wangu alikuwa anakimbia, anacheka, anapiga kelele kuliko risasi:

"Baba, anakupiga! Anakupiga na miguu yote mbili!"